Gobore la Barnaba na Kokwa Zangu

Miaka mitatu ni mimi niliyekaa kwenye shamba letu la mihogo hapa Minago, nikigonga debe kufukuza tumbili. Kila nikimwambia mume wangu Barnaba, baba wa mwanetu Boaz, tupokezane zamu, hunijibu kwamba dawa yao ni gobore aliloachiwa na baba yake. Mwezi uliopita nikachoka, nikampa siku tatu. Tumbili wakirudi, debe ni lake; wasiporudi, sidai zamu tena.

Gobore lenyewe ni refu kuliko yeye, lakini tundu lake halipitishi hata kidole changu cha mwisho. Kazi ikawa kutafuta cha kulilisha.

Siku ya kwanza alilishindilia vipande vya misumari. Lilipolia, misumari ilikwenda ilikotaka, na beseni langu jipya likapata matundu manne.

"Zingine zilifika karibu," akasema. Karibu na nini, hakusema.

Siku ya pili alikuja na risasi za kuzamishia wavu, akazifunga kitambaa zibane vizuri ndani ya mtutu. Hapo tawi lilikatika kando ya sikio la tumbili mzee, na kundi lote likatoweka. Niliogopa kweli. Nililiona debe likinirudia.

Bahati nzuri jirani yetu Athumani, mvuvi, alipanda kutoka ziwani akihema.

"Papa Boaz, wavu yangu iko inaelea juu ya maji sababu gani?"

Barnaba akatazama mawingu. Athumani akazoa risasi zote, hata ile iliyokwisha kufungwa kitambaa.

Siku ya tatu mume wangu hakuwa na kitu. Nikamhurumia, au tuseme nilijifanya.

"Papa Boaz, jaribu kokwa zangu za michikichi. Iko ngumu, na zitaenea mu tundu."

"Mama Boaz, weye uko na akili!"

Akachagua zilizo duara kabisa kikapuni mwangu, akapiga moja baada ya nyingine kwenye jiwe kubwa wanapopenda kukaa tumbili. Tumbili wakakimbia, naye akacheza kidogo.

Mimi kokwa hizo huzivunja kwa mawe, moja moja, kutwa nzima. Najua ganda lilivyo gumu na kiini kilivyo kitamu. Tumbili mzee naye alijua. Alishuka polepole, akaokota kokwa iliyopasukia kwenye jiwe, akala, akawaita wenzake. Barnaba akapiga tena kuwafukuza, wakaja na watoto. Kufikia jioni gobore likilia tu, wanakuja mbio. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na sioni haya kusema.

Sasa yeye ndiye yuko shambani na debe. Jana alirudi akilalamika kwamba akiligonga, tumbili wanajipanga mbele yake na kumtazama mikononi.

Nikamwambia avumilie. Zamu yangu ilikuwa miaka mitatu.