Derbail Mlangoni pa Mtakatifu

Asubuhi ya safari, mtumbwi wa ngozi ukiwa tayari ufukweni, Luchtan alifungua mlango wa kibanda chake akamkuta Derbail ameketi kizingitini, shuka la sufu magotini, mikono mitupu.

"Dada, umeamkaje?"

"Na njaa. Nimeanza jana jua lilipozama. Nakufungia."

Luchtan alishika mwimo wa mlango. Kwao, mnyonge aliyedhulumiwa na mkubwa huketi mlangoni pake bila kula, na mkubwa naye haruhusiwi kutia kitu mdomoni mpaka atoe rehani kwamba atatenda haki. Akila, heshima yake imekwisha. Silaha hiyo Luchtan aliijua kuliko yeyote. Kwa njaa yake alimlazimisha mfalme kuwaachia mateka, na waliohadithia kisa hicho waliongeza kwamba mbwa wa mfalme walipiga magoti. Derbail hakubabaishwa na hayo. Walinyonya ziwa moja, na yeye ndiye aliyekuwa akimfuta mtakatifu huyo kamasi utotoni.

"Unataka Finnech abaki," alisema Luchtan. Finnech alikuwa mwana wa pekee wa Derbail, naye ndiye angeshika kasia la mbele kwenda kuhubiri ng'ambo. "Sikumvuta mkono, dada. Amechagua mwenyewe."

"Nani kasema abaki? Mtoto kakua, nitamfunga kamba? Nataka arudi."

"Tunaokwenda kwa ajili ya Kristo haturudi. Kutorudi ndiyo sadaka yetu."

"Sadaka yenu! Ukichinja ng'ombe wa jirani, umetoa sadaka wewe?"

Watawa walileta uji wa shayiri wenye siagi. Luchtan akaurudisha, akasimama pale pale. Habari zikaenea, watu wakajaa uani.

"Mama Finnech, tafuta wa kimo chako!" mchunga kondoo mmoja alimtania. "Huyo kashinda wafalme!"

"Wafalme walizoea kushiba," alijibu Derbail.

Finnech alikuja akachutama mbele yake, uso umemwiva. "Mama, kula basi. Unaniaibisha."

"Aibu haijamuua mtu. Kaa kando."

Luchtan hakuwa na wasiwasi. Njaa alikuwa ameizoea, na alijua bibi wa umri ule hafiki mbali. Mchana mvua ikaanza. Derbail hakusogea. Alijaribu kuvuta shuka kichwani, likamponyoka. Hapo ndipo Luchtan alipoona kwamba yeye yu chini ya paa na dada yake yu mvuani. Miaka yote alijiuliza mtu anawezaje kumtazama mwenye njaa mlangoni pake na bado akajiona ana haki. Kumbe ni rahisi sana. Aliona haya, haya ya kweli, mpaka akashindwa kumtazama usoni.

Aliingia ndani akatoka na kengele yake ya chuma, ile ambayo watu waliapa kwamba mlio wake hufukuza homa. Bila hiyo, ugenini angewaitaje watu? Akaiweka mapajani mwa Derbail mbele ya wote.

"Rehani yangu. Nitaikomboa kwa kumrudisha Finnech."

"Umesema?"

"Nimesema, dada."

Wakala uji katika bakuli moja, umepoa, siagi imeganda juu. Jioni mtumbwi ukaondoka. Finnech aligeuka nyuma mara kwa mara mpaka wenzake wakamkemea apige kasia. Derbail alisimama kwenye kokoto ameikumbatia kengele, ulimi wake wa chuma ameushika isilie.

Miaka ikapita bila mtumbwi kurudi. Mahujaji wakaanza kuja, kila mmoja na hadithi yake: mtakatifu alitembea juu ya mawimbi, kengele ilirudi yenyewe ikiruka baharini. Derbail, sasa amepinda mgongo, aliwatolea kengele akiwa ameifuta vumbi.

"Heri yenu, bibi," alisema mmoja wao huku akipiga magoti. "Mtakatifu kawaachia zawadi."

"Zawadi gani? Rehani hiyo." Akaisogeza karibu na midomo ya hujaji. "Busu polepole, usiitie kutu. Wenyewe watakuja kuikomboa."