Baiskeli Iliyotekwa Msibani

Mimi Dina sijawahi kuibiwa baiskeli kwa uzembe, na naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea. Tangu nihamie Kibaha kutoka Msimbu nimewaona wenzangu wakitoka sokoni Maili Moja wameshika tairi la mbele tu, kwa sababu walifunga kufuli kwenye tairi hilo, mwizi akafungua nati na kuondoka na kilichobaki. Mnyororo wangu unapita kwenye fremu na tairi la nyuma, kisha unazunguka kitu kisichong'oleka. Namba iliyogongwa kwenye chuma chini ya pedali naijua kwa kichwa. Chini ya siti nimechora herufi D kwa msumari, risiti ya duka ninayo, na picha ninayo kwenye simu. Majirani hunicheka, wanasema nikiolewa tena nitamfunga mume mnyororo. Nawaambia akiwa mzuri nitamfunga.

Kwa sifa hizo watu wa Soga walinifuata. Wapo walimu, wauguzi na watu wa ofisini wanaokuja stesheni kwa baiskeli asubuhi, wanapanda treni kwenda Dar, na kutwa nzima roho zao zimebaki kwenye baiskeli. Mwalimu Evaline ndiye aliyenishawishi. "Dada Dina, fungua banda, sisi tutakuletea." Nikakodi kiwanja kidogo jirani na stesheni, nikaacha kazi yangu ya dukani, nikajenga banda la mabati lenye mabomba ya chuma ya kufungia. Nilipanga kufungua Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tunamzika baba mdogo Yona.

Msiba ulikuwa nyumbani kwake, mtaa wa Picha ya Ndege. Nilifika na baiskeli, nikaifunga kwenye mwarobaini uani, nikavuta kufuli kuhakikisha. Gauni langu halikuwa na mfuko, na nilikuwa naelekea jikoni kusonga ugali wa watu wote wale, kwa hiyo ufunguo nilimpa shangazi Benedikta. Shangazi ni dada wa marehemu. Alikuwa amekaa mkekani, baiskeli iko mbele ya macho yake, na tangu kaka yake afariki alikuwa hajala vizuri wala hajasema neno la maana.

Sasa, sisi ni Wazaramo, na msiba wa Mzaramo usipopata Mnyamwezi wa kuuvuruga unakuwa haujakamilika. Watani wetu wakaja, mbele yao Mzee Onesmo, seremala wa Maili Moja, mtu wa tumbo na sauti. Alikwishavaa koti la marehemu, akawa anachechemea uani kama marehemu alivyochechemea, anatangaza kwamba Yona hajafa, amejificha kukwepa kulima. Mwenzake akalala mlangoni, akasema jeneza halipiti mpaka aletewe supu. Watu waliokuwa wanalia wakacheka huku wanajifuta machozi. Ndiyo kazi ya mtani, na ndiyo maana akichukua kitu chako msibani humkatazi. Anataja ukombozi wake, unautoa, anakurudishia, mnacheka wote.

Nilipotoka jikoni, baiskeli haikuwepo. Mnyororo ulikuwa umekunjwa vizuri chini ya mwarobaini, kufuli limefunguliwa, ufunguo ungali ndani yake.

"Shangazi, baiskeli iko wapi?"

Shangazi alicheka. Alicheka kabisa, mpaka pengo lake nikaliona.

"Mtani wako kaiteka! Kaja hapa na fulana yake ya bluu, kapiga magoti, kalia kutushinda sisi wafiwa, kasema Mnyamwezi hawezi kutembea kwa miguu wakati Mzaramo anapanda baiskeli. Kaniomba ufunguo. Utamkomboa kwa jogoo, mwanangu."

Mkeka mzima ukacheka, na mimi nikacheka nao. Kumwona shangazi amechangamka vile, nilisema moyoni kwamba hata jogoo wawili ningetoa.

Tuliporudi kutoka makaburini nikamwendea Mzee Onesmo, aliyekuwa anakula.

"Haya mtani, jogoo unamtaka mzima au mchuzi?"

"Jogoo wa nini?"

"Wa kukombolea baiskeli."

Akaacha kutafuna. Akawaita watu wake mmoja mmoja, na kila mmoja akatikisa kichwa. Yule mtu wa fulana ya bluu walimwona, lakini wao walidhani ni jirani yetu, na sisi tulidhani ni mtani. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza jina.

Mwalimu Evaline alikuwepo, akanisogelea. "Pole, dada. Sasa Jumatatu..." Hakumalizia, na sikuhitaji amalizie. Mlinzi wa baiskeli aliyeibiwa ya kwake mchana, mbele ya umati, nani atamwachia ya kwake? Kazi nimeacha, banda nimejenga. Na pale mkekani shangazi alikuwa amejifunika khanga usoni, anasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi. Nimecheka, nikatoa ufunguo." Baiskeli iliniuma, lakini kauli ile iliniuma zaidi. Mwizi alikuwa ametumia kicheko cha kwanza cha mfiwa, na kwa hilo nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Mzee Onesmo alisimama katikati ya uwanja. Sauti yake ilikuwa ya chini, na mimi sikujua kwamba anayo sauti ya chini.

"Ameiba kwa jina letu," alisema. "Msiba ujao nani atatuacha tuguse hata kifuniko cha sufuria?"

Akavua koti la marehemu, akalikunja, akalirudisha kwa mjane bila kudai chochote. Tangu nizaliwe sijaona mtani akirudisha kitu bure.

Sikukaa kulia. Nilikwenda polisi na risiti yangu na namba yangu ya kichwani, nikaandikisha, nikapewa RB, ile namba ya taarifa. Picha nikaituma kwenye simu ya Mzee Onesmo. Kabla jua halijazama, popote Mnyamwezi anapotafutia riziki hapa Kibaha, vijiweni kwa bodaboda, gereji, kwa mama lishe, picha ya baiskeli yangu ilikuwa imefika. Aliwapa na onyo. "Tafuteni baiskeli. Mtu msimguse, mwacheni polisi. Mkimpiga mtakuwa mmetuharibia jina mara ya pili."

Jumapili mchana ikaonekana Mlandizi. Yule bwana alikuwa ameing'oa kengele, ameipaka rangi nyeusi juu ya nyekundu yangu, na akaipeleka kwa fundi Khalfani kuiuza. Bahati yake mbaya, Khalfani alikuwa ameshaonyeshwa picha na watu wa bodaboda wa jirani. Fundi akaipindua baiskeli kama anayekagua mnyororo. Chini ya pedali brashi haikufika, namba ikamtazama. Chini ya siti, D. Akamwambia mgeni wake akae kidogo, akampa soda, akaingia ndani kupiga simu. Polisi walimkuta bado anainywa.

Mzee Onesmo alinisindikiza kituoni kuitambua. Ilikuwa na mabaka meusi kama ng'ombe, lakini ilikuwa yangu, na nilijivuna mbele ya askari nikiitaja namba bila kuisoma. Wakaipiga picha kwa ajili ya kesi, wakaniambia nisaini niondoke nayo. Nilipomaliza kusaini na kugeuka, baiskeli haikuwepo.

Askari alikuwa anajiuma mdomo asicheke. "Mtani wako kaiteka, mama. Ila huyu jina lake tunalo."

Jumatatu asubuhi nilifungua banda bila baiskeli yangu. Shangazi Benedikta nilikuwa nimemleta kwa ubishi mkubwa, nikamkalisha kwenye kigoda mlangoni. Wateja walikuja, Mwalimu Evaline mbele, lakini walisimama nje na baiskeli zao mkononi, wanaangalia mabomba matupu, wanaangaliana. Mbele yao wote nikautoa ufunguo wa kufuli langu na kumkabidhi shangazi.

"Funguo zote za banda hili atashika huyu."

"Mwanangu, usinitanie," alisema, mikono yake ikirudi nyuma. "Mimi tena?"

"Wewe hasa, shangazi. Nani mwingine hapa Kibaha nzima atakayekuwa macho kukushinda wewe sasa?"

Akaupokea, akaufunga kwenye pindo la khanga.

Ndipo tukasikia makelele barabarani. Mzee Onesmo alikuwa anakuja akiisukuma baiskeli yangu, amefunga kengele mpya na kuipiga kwa fujo, watani wengine nyuma yake wanaimba. Nikanyoosha mkono. Akaivuta kando.

"Komboa!"

"Jogoo yuko nyumbani, mtani."

"Jogoo ale nani? Nibebe kwenye keria mpaka stesheni na kunirudisha hapa, na njiani upige kelele kwamba Wanyamwezi ndio mabwana zako."

Nilimbeba. Keria ililia, tairi la nyuma likabonyea, jasho likanitoka mgongoni, na watu waliokuwa wanasubiri treni walipiga makofi nikipita. Nilipiga kelele nilizoagizwa kwa sauti ya kujivuna, kwa sababu nilikuwa juu ya baiskeli yangu mwenyewe, na waliokuwa wananicheka ndio walioirudisha.

Tuliporudi, Mzee Onesmo aliteremka akihema utadhani yeye ndiye aliyekanyaga pedali. Nikaifunga baiskeli kwenye bomba la kwanza, fremu pamoja na tairi la nyuma. Kufuli likalia. Akamgeukia shangazi, akapiga magoti.

"Dada yangu, naomba huo ufunguo niiteke tena."

Shangazi alishika pindo la khanga kwa mikono miwili, akamtazama mtu ambaye amemjua tangu wote wawili wakiwa vijana.

"Jina lako nani?"

"Onesmo."

"Wa nani?"

"Wa Eliya. Wa Urambo, Tabora. Dada, mwaka wa ngapi huu nakula kwako?"

Shangazi alimkagua kuanzia kichwani mpaka viatuni bila haraka.

"Sikujui," alisema.

Kicheko kilichotoka pale kiliwafanya hata wa stesheni wageuke. Shangazi mwenyewe alicheka mpaka pengo likaonekana, huku mikono yake haijaachia pindo. Mwalimu Evaline hakusubiri kicheko kiishe. Aliingiza baiskeli yake bandani, akaifunga jirani na yangu, kisha akaja na ufunguo wake kuinama mbele ya kigoda.

"Shikamoo, shangazi. Nishikie na wa kwangu."