Kadi ya Mama Mkwe

Restituta alikuwa amejibanza nyuma ya kibanda cha vocha pale stendi ya Ujiji, na wala hakuwa anamkimbia mtu. Alikuwa anampisha mkwe wake. Clinton, mume wa binti yake Winfrida, ndiye kondakta wa basi jeupe la Kidahwe, na huko alikokulia Restituta, mama mkwe na mkwe hawakutani hivi hivi tu barabarani. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na kugusana ndiyo balaa yenyewe. Mkwe akiwa na kitu cha kukupa anakiweka chini, anageukia pembeni, wewe unakiokota. Kwa hiyo alisubiri abiria wapungue, ajitokeze kidogo, Clinton amwone kwa mbali, ageuze uso kama kawaida yake, ndipo asogee.

Hayo mabasi meupe nayo yalikuja na mambo yake. Pesa mkononi hawapokei. Kondakta ana kimashine, wewe unasogeza kadi yako ya benki juu yake, kinalia "pii," nauli imekatwa. Wenyewe wanaita kugusa. "Gusa mama, gusa baba, twende!" Akina mama wauza mawese walifunguliwa akaunti, kila mmoja akapewa kadi, na wote walifurahi isipokuwa Restituta. Atanyooshaje mkono juu ya kiganja cha mkwe? Vidole vikiteleza je?

Jawabu alilipata Clinton mwenyewe, akalituma kwa mdomo wa Winfrida: mama aniachie kadi, nitakuwa namgusia. Hata fomu ya benki alimjazia, akaandika namba yake mwenyewe ya simu ili mama asisumbuliwe na ujumbe. Restituta alifarijika mno. Alibandika kwenye kadi picha ndogo ya Bikira Maria isije ikachanganyika na za watu, akaiweka juu ya jiwe, mkwe akaiokota kwa mikono miwili. Majirani wa mtaani kwake Kasingirima walimsifia Clinton mpaka midomo ikawauma. Kijana wa siku hizi, tena wa mjini, na adabu zote hizo!

Leo alikuwa ameifuata hiyo kadi. Winfrida alikuwa na mimba iliyotimia. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na daktari wa ile hospitali ya kulipia alishasema na huyu atazaliwa hivyo hivyo, Jumatatu, bila kungoja uchungu. Mawese ya mwaka mzima, madumu aliyoyabeba mpaka shingo ikapinda, yalikuwa yamegeuka pesa humo kwenye kadi kwa ajili ya siku hiyo tu.

Basi akawa anachungulia. Akaja mwanamume mmoja mwenye kofia, hana kadi, ana noti. Restituta alijua atarudishwa, maana ndiyo sheria ya kampuni. Clinton akatazama kushoto, akatazama kulia, akaipokea ile noti na kuitumbukiza kwenye mfuko wa shati. Kisha akatoa kadi kutoka mfuko wa suruali, akaigusisha kwenye kimashine. Pii. Mwenye kofia akapanda.

Akaja mwanamke na mtoto mgongoni, naye ana noti. Pii. Wakaja wanafunzi wawili. Pii, pii. Kila akipokea noti Clinton alilamba kidole, akaipapasa kama ni nzima, kisha kidole hicho hicho chenye mate kikaenda kukandamiza uso wa Bikira Maria.

Restituta aliiona picha yake vizuri kabisa.

"Kondakta, hiyo kadi yako haiishi?" mmoja wa abiria alitania.

"Ya mama mkwe hii," Clinton akajibu, akacheka na meno yote nje. "Haisemi, haiulizi. Mama mwenyewe hata kunitazama hathubutu!"

Watu wakaangua kicheko. Hapo Restituta akatoka nyuma ya kibanda.

Clinton alipomwona alifanya kama alivyofanya siku zote, tena kwa ufundi. Alijikunyata, akageukia tairi la basi, akalisalimia hilo tairi, "Shikamoo mama." Hakujua kama ameonekana. "Panda tu mama, nakugusia."

"Marahaba," alisema Restituta. "Gusa."

Akagusa. Kimashine hakikulia pii. Kilitoa mlio mrefu wa kukwaruza, taa nyekundu ikawaka. Clinton akagusa tena, na tena. Yule mama mwenye mtoto mgongoni, aliyekaa karibu na mlango, akainama na kusoma kwa sauti, bila ubaya wowote: "Salio halitoshi."

"Ni mtandao, mama," Clinton akaliambia tairi.

Mawese ya mwaka mzima. Hayatoshi nauli ya Kidahwe!

"Iko wapi pesa ya upasuaji wa mke wako?"

Clinton akainamisha kichwa zaidi, mpole kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Mzee Anatoli, jirani aliyekuwa amekaa siti ya mbele, akaingilia kwa upole. "Mama Winfrida, mambo ya mkwe hayasemwi barabarani. Tuma mtu kwao, yakazungumzwe na wazee."

Kumbe ndiyo hesabu aliyokuwa ameipiga Clinton. Restituta alimtazama yule kijana alivyojikunja na akaelewa kwamba heshima yote ile ilikuwa maficho yake. Alijificha ndani ya mila ya watu kama panya ndani ya gunia la mahindi, akala humo humo, akanya humo humo. Kinyaa kikampanda Restituta.

Akamshika kidevu.

"Mawe! Mama yangu!" wanawake wakapiga ukelele ndani ya basi. Mzee Anatoli akafumba macho. Kidevu kilikuwa na jasho, kinateleza, lakini Restituta hakukiachia. Alikigeuza mpaka wakatazamana.

"Leo nimekugusa," alisema. "Sasa nijibu."

Alitegemea kuona aibu. Hakuona hata chembe. Clinton alimkodolea macho makavu, kama anayemtazama abiria msumbufu.

"Kamuulize mwanao," alisema. "Nani aliniambia mama hatauliza? Ile simu yake mpya, na kochi la sebuleni, ulidhani vimetoka wapi?"

Mkono wa Restituta ukaachia kidevu, lakini haukurudi nyuma. Uliteremka hadi mfuko wa shati, ukazoa noti zote zilizokuwamo, zimelowa mate na jasho. Akaipokonya na kadi kutoka vidoleni mwa Clinton. Hakuna aliyemzuia.

Kwa noti hizo basi jeupe lisingempakia, na hakutaka. Aliita bodaboda, akataja Kidahwe, kwenye shamba lake la michikichi. Njiani alisugua kiganja kwenye kanga mpaka kikawasha. Noti zile zisingetosha, ila angeuza pipa la mawese lililobaki, na hata shamba angelikodisha. Aliyemo tumboni hajala pesa ya mtu. Jumatatu angelipa, angemshika Winfrida mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na kwa mara ya kwanza tangu amzae, angeona kinyaa kumgusa.