Masharubu ya Nahodha

Tangu kitabu cha Nahodha kitoke, saluni ya Ukuta iligeuka bunge. Mchezaji huyo mstaafu alikuwa ameandika maisha yake bila kumpaka mtu mafuta: mlevi kaitwa mlevi, kocha mchoyo kaanikwa juani. Jalada zima lilikuwa uso wake, pamoja na masharubu yale mazito yaliyojulikana kuliko mabao yake.

Ukuta, kinyozi mwenyewe, ndiye aliyekuwa beki nyuma yake tangu ujanani mpaka magoti yalipogoma. Alikisoma kitabu jalada hadi jalada. Hakumo. Hata kwenye picha ya timu, kombe lilikuwa limemziba uso.

"Mimi kanipasua!" alijigamba fundi viatu, kipa wao wa zamani, akisubiri zamu. "Eti nilikuwa nasinzia golini. Ukurasa mzima, jamani!"

"Mtu katukanwa, halafu anakitembeza kitabu mtaani kama kadi ya harusi," Ukuta alisema.

"Wivu huo, ndugu yangu. Wewe umeandikwa wapi?"

Nyuma ya pazia, alikokuwa akisuka wateja wake, mke wa Ukuta akadakia: "Baba watoto, tazama kwenye shukrani. Wameandika 'na wengineo.' Huyo ni wewe!"

Wanawake wakaangua kicheko. Ukuta naye akacheka kidogo, akarudi kufuta mashine yake.

Mara akaingia Nahodha mwenyewe, kifua mbele.

"Wazee wa kazi! Kesho niko kwenye televisheni. Ninyoe vizuri, Ukuta. Masharubu uyapunguze ncha tu, watu wanayajua."

Ukuta akamfunga kitambaa shingoni, akakikaza zaidi kidogo kuliko kawaida.

"Nahodha, mimi nilikukosea nini?"

"Wewe? Hujawahi kunikosea."

"Mbona basi kitabuni simo?"

Nahodha akamtazama kwenye kioo, kweli kapigwa na butwaa.

"Mimi nimeandika walionisumbua. Huyu kipa kaninyonyoa nywele. Kocha alinitoa roho. Lakini wewe? Sikuwahi hata kugeuka nyuma. Nilijua upo. Sasa ningeandika nini?"

"Hiyo ni sifa," fundi viatu alisema. "Bahati mbaya tu, sifa hiyo haina ukurasa."

Maneno yale yalimwingia Ukuta, matamu na machungu kwa pamoja. Alikumbuka vumbi alilolila, na viatu vya watu vilivyompanda miguuni, ili huyu bwana asigeuke. Akaiwasha mashine.

"Fumba macho, nywele zisikuingie."

Nahodha akayafumba bila kuuliza, kama alivyozoea kumwachia mgongo wake.

Mashine ikapita mara moja. Nusu ya masharubu ikadondoka kwenye kitambaa.

Fundi viatu akasimama, mdomo wazi. Nahodha akafumbua macho, akajipapasa juu ya mdomo, akajipapasa tena.

"Ukuta! Umenifanya nini? Na televisheni je?"

Mke wa Ukuta akachungulia kutoka nyuma ya pazia, kitana mkononi. "Baba watoto! Mwombe mwenzako radhi!"

Ukuta akazipuliza nywele kwenye meno ya mashine, taratibu.

"Siombi. Nimekusumbua, Nahodha, kwa hiyo toleo la pili una la kuniandika. Andika uongo ukitaka, andika matusi ukitaka. Sasa geuza shavu nimalizie upande wa pili. Na huo nao radhi siombi."