Matundu ya Paja la Kulia

Ovaroli ya kwanza ilipotoka na matundu, Mama Povu alitazama huku na huku. Aliikunja, akaificha chini ya rundo. Ya tano ilipotoka hivyohivyo, akaanza kumtazama wifi yake kwa jicho la pembeni.

Wawili hao ndio waliokuwa wafuaji wa kiwanda cha betri za magari. Mama Povu, aliyepewa jina hilo kwa kupenda sabuni nyingi, alikuwa mkubwa wa chumba cha kufulia. Wifi yake, dada wa mumewe, aliingizwa kazini na Mama Povu mwenyewe miezi mitatu tu iliyopita. Kabla ya hapo matundu hayakuwepo.

"Wifi, dawa ya madoa unapima au unamimina tu?"

"Napima kwa kifuniko, kama ulivyonifundisha."

"Kimoja?"

"Kimoja. Kwani vipi?"

"Basi tu."

Haikuwa basi tu. Siku hiyo alitia alama kwenye chupa ya dawa kwa kalamu, na kila asubuhi akawa anaichungulia.

Kisha msimamizi wa zamu akaja na ovaroli mkononi, kidole amekipitisha kwenye tundu. "Mnaunguza nguo za watu. Mkiendelea, nitatafuta wengine." Akamsogelea Mama Povu, akashusha sauti: "Angalia vizuri, mama. Kikulacho ki nguoni mwako." Na macho akayatupa kwa wifi.

Jioni Mama Povu alimwambia mumewe, "Dada yako ananiharibia kazi."

"Apate nini?"

"Nafasi yangu."

Mume akaweka kijiko chini, hakula tena. Maneno hayana miguu lakini hufika. Kesho yake wifi alikuja kazini amenuna. Walifua wamepeana migongo.

Kilichomzindua Mama Povu ni taulo za jikoni. Wifi alizifua kwenye beseni lilelile, kwa dawa ileile, zikatoka nzima. Mama Povu alizishika moja moja, akazivuta pembe. Hata uzi haukukatika. Akaenda kuzitoa zile ovaroli mbovu, saba sasa, akazitandaza sakafuni. Zote zilitoka chumba kimoja, pale betri zinapojazwa asidi. Na zote zilikuwa na matundu kwenye paja la kulia.

"Dawa gani hii," alijiuliza kwa sauti, "inayochagua paja?"

Alichukua taulo safi, akaenda chumba cha asidi. Wafanyakazi walisimama kwa mstari, pampu ikinguruma upande wao wa kulia. Akaitundika taulo kwenye msumari, karibu na pampu.

"Wewe, umefuata nini huku?" Ni msimamizi.

"Naanika taulo, bosi. Kwetu hakuna jua."

Mbona macho ya msimamizi yalikwenda kwanza kwenye pampu, ndipo yakaja kwenye taulo? Mama Povu aliliona hilo. Msimamizi alipogeuka, mfanyakazi mmoja kijana aliyeitwa Mrefu akanong'ona, "Iache. Nitakuangalizia."

Zamu ilipoisha, Mrefu alileta taulo ndani ya mfuko wa nailoni. Ilionekana nzima kabisa. Mama Povu akavaa glavu, akaichovya kwenye maji matupu, bila sabuni wala dawa, wifi akiwa amesimama palepale. Akaikamua mara moja. Ikamegeka kama mkate uliolowa.

Wote wawili wakamgeukia Mrefu.

"Teremsha suruali tuone."

"Mama, mbele ya watu?"

"Nimekufulia mwaka mzima, leo ndiyo unanionea haya?"

Paja lilikuwa na vidonda vidogovidogo, vingine vikavu, vingine vibichi. "Nilidhani ni fangasi," alisema.

"Na aproni yako ya mpira?"

"Imepasuka zamani. Mpya zipo stoo, lakini tunazivaa siku ya wakaguzi tu. Wakiondoka, tunarudisha."

Wifi ndiye aliyebeba ndoo yenye ile taulo. Walipita mlangoni kwa msimamizi bila kubisha hodi, wakaenda moja kwa moja kwa meneja. Fundi aliitwa, akafungua pampu: mpira wa kuzibia ulikuwa umeliwa, asidi ikirushwa nje kama umande ambao jicho halioni.

"Nilimwandikia msimamizi miezi mitatu iliyopita," fundi alisema. "Akaniambia pampu haizimwi, kazi itasimama."

Msimamizi, aliyekuwa amewafuata, alijikuna shingo. Hakuulizwa zaidi pale. Aliulizwa ofisini, na hakurudi kwenye zamu. Aproni zilitoka stoo siku hiyohiyo, na miwani ya kukinga macho. Mrefu akapelekwa zahanati.

Waliporudi chumbani kwao, Mama Povu alisema, "Wifi, nisamehe."

"Ungeniuliza."

"Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza vifuniko. Hukuniuliza mimi."

Mama Povu aliichukua chupa ya dawa, akaifuta ile alama ya kalamu. Kwa siku mbili walifua tena wamepeana migongo. Siku ya tatu wifi alichungulia mlangoni, akamwambia bomba halitoi maji, watafute ndoo wakachote pamoja.