Kizimba cha Mwenyekiti

Kuku wetu Mwenyekiti alipoacha kutaga akaanza kuatamia mguu wa kochi, mke wangu alikuwa na wiki tatu kitandani. Majirani husema nikianza hadithi nazunguka mbali kama mtu anayemvizia mbuzi. Leo nakwenda moja kwa moja.

Mguu wenyewe ni ule wa mbao, wa mviringo, mkubwa kama yai la bata. Mimi ni fundi makochi mstaafu, na vitu kama hivyo hunidondoka kama mvi. Mwenyekiti aliukuta kiotani mwake, akaukalia, akavimba manyoya, na aliyethubutu kupeleka mkono alidonolewa mpaka akataja majina ya babu zake. Alishuka mara moja tu kwa siku kunywa maji, kisha mbio kurudi kazini. Kishungi chake kikapauka. Ukimnyanyua, mwepesi kama kofia. Na jogoo hatuna. Hata angekalia mayai ya kweli, asingeangua hata kifaranga kimoja.

Mke wangu yeye aliteleza na ndoo ya pumba akielekea kwa hao hao kuku, akavunjika nyonga. Hospitali wakamtia chuma, wakasema chuma kimekaa vizuri, kilichobaki ni yeye kutembea. Jumatatu akaja dada wa mazoezi, mwembamba, sauti ya mwalimu. Alijaribu kumsimamisha. Mke wangu akasema kesho. Dada akaniita ukumbini.

"Baba, narudi Jumatatu ijayo. Mama akifika getini kwa fremu yake ya kutembelea, tumepona. Asipofika, misuli itazidi kulala, na mwisho miguu inasahau kazi yake. Nimeona wengi." Akachungulia chumbani. "Na ile mito yote ni ya nini?"

"Kumi na moja tu," nikasema. "Miwili ya magoti, mmoja wa kisigino, mmoja wa kiwiko..."

"Baba, umemtengenezea kiota."

Mito ile nimeishona mwenyewe. Kwa miaka arobaini na moja hakuna aliyekalia kazi yangu akalalamika. Bwana mmoja alikaa kwenye kochi langu siku ya posa yake, akasinzia. Alipoamka, mchumba wake alikuwa na watoto wawili, na si wake.

"Mwaka jana alikuwa mtoto mmoja," mke wangu akasema kutoka kitandani. Masikio yake hayakuvunjika.

"Wanazaliana."

"Acha hizo. Mwenyekiti anakufa njaa huku umekaa. Nisikilize. Kuku akishikwa na kuatamia hatolewi kwa maneno. Tengeneza kizimba, sakafu ya wavu wa waya mtupu. Kiinue juu ya matofali manne ili upepo umpite chini ya tumbo. Lile joto la tumbo ndilo linalomdanganya. Chakula mpe, maji mpe, majani hata moja usimpe. Siku tatu, nne, akili inarudi."

"Si ukatili huo?"

"Ukatili ni kumwacha alivyo. Na usije ukamchovya kwenye ndoo ya maji kama jirani yako."

Nikajenga kizimba barazani. Mbao nzuri, wavu umekazwa, matofali manne. Halafu nikafanya kosa: nikaupapasa wavu kwa kiganja. Ulikuwa mgumu. Nikafikiria vile vidole vyake. Nikasema nitaweka kipande cha sponji, pembeni tu, cha kupumzikia. Sponji ikiwa pembeni inahama, kila fundi anajua, kwa hiyo nikaitandaza sakafu yote. Sponji haikai bila kitambaa. Nilikuwa na kipande cha mahameli nyekundu. Na mahameli bila vifungo hujikunja. Mdomo wangu ni mwongo, nakubali, lakini mikono yangu haijawahi kujua kutengeneza kitu kigumu.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari. Wavu mtupu."

Mwenyekiti aliingia, akazunguka mara moja, akakaa. Nadhani hata alishusha pumzi. Jumanne alikuwa amekaa. Alhamisi amekaa, na amejing'oa manyoya ya kifua kupamba zaidi. Dirishani ikapenya ile sauti yake nzito, kwo, kwo, kwo.

"Kuku aliyepona halii hivyo," mke wangu akasema.

"Anaaga."

Jumamosi nilijikaza. Nikaenda kitandani nikatoa mto mmoja wa goti, kama dada alivyotaka. Mke wangu akaguna. Nikarudisha miwili.

Nilikaa ukingoni nikamtazama miguu. Miguu hiyo ilinishinda mbio tulipokuwa vijana, na hapo siongezi chumvi. Sasa mashavu ya miguu yake yalikuwa membamba, ngozi imelegea kama kitambaa kisichovutwa. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Jumapili asubuhi akasema, "Niletee Mwenyekiti nimwone."

"Amelala."

"Saa nne?"

"Jana alichelewa kulala. Walikuwa na kikao."

Alinitazama. Nikajua nimekwisha.

"Lete fremu, baba watoto."

Nilimletea. Aliisogeza mito kwa kiwiko, ikaanguka mmoja mmoja. Aliposimama, uso wake ulikunjamana, nikanyoosha mikono, akanipiga jicho, nikaikunja. Hatua, fremu, hatua. Ukumbini alisimama akahema. Jikoni alishika meza. Mimi nyuma, nimekumbatia mto, kama mtu anayemfuata ndege akiwa na sahani, akisubiri adondoke.

Barazani akafika. Kizimba kiking'aa kwa mahameli, na Mwenyekiti katikati, kavimba kama waziri.

"Umemshonea kuku kochi."

"Ni dogo."

"Lina vifungo!"

"Viwili."

"Sita." Akaanza kucheka, akacheka mpaka fremu ikatetemeka na machozi yakamtoka. Kisha akanyoosha mkono. "Mkasi."

Alikata mwenyewe, mkono mmoja kwenye fremu, mkono mwingine kizimbani, anadonolewa. "Najua, mama," akamwambia kuku. "Najua. Joto tamu. Lakini utakufa humu." Akavuta sponji, akavuta mahameli, mguu wa kochi ukabingirika hadi uani. Mwenyekiti akabaki juu ya wavu, anainua mguu huu, anainua ule, ananitazama mimi.

"Anaumia," nikasema.

"Anashangaa." Akafuta damu kidogo kidoleni. "Na wewe unaogopa nini, mzee?"

Nikaukunja mto kifuani. "Siku ile yule dada alipojaribu kukusimamisha, ulilia," nikasema. "Sijui kukaa nikikuona unalia."

"Nitalia tena. Kesho nitalia kutoka hapa mpaka getini. Wewe kaa kwenye kiti chako, shona kitu. Usinikimbilie." Akageuza fremu polepole. "Na ile mito toa. Acha mmoja."

"Wa goti?"

"Wa kichwa."

Jumatatu dada wa mazoezi alikuja. Mwenyekiti alikuwa bado kizimbani, lakini amesimama, anadonoa mtama kwa hasira. Nikakaa barazani na sindano na mto wa kushona. Mke wangu akashika fremu. Toka ngazini hadi getini ni hatua thelathini na mbili. Katika ya kumi na tano alianza kulia, kwa sauti, kama alivyoahidi. Dada akanitazama. Nikainamisha kichwa nikashona. Akalia, nikashona. Sindano ilikwenda kama mvua, sioni hata ninachoshona, naona maji tu.

Kisha geti likalia: amelishika, analitikisa komeo.

"Mzee! Njoo sasa!"

Nikaruka. Mto ukaja nami. Nilikuwa nimeushona kwenye suruali, paja zima, mshono mara mbili. Nilitembea hatua thelathini na mbili nikiwa na mto unaning'inia, dada wa mazoezi ameketi chini kwa kicheko. Yeye ni shahidi. Mke wangu alinisubiri pale, amesimama, akaushika mto ule, akaubonyeza.

"Laini," akasema, akaniegemea.