Mfungo wa Pascalia

Kosa la Nasambu lilikuwa kumjibu mama yake. Angesema kazi ya maabara ni ndefu kuieleza, mambo yangeishia hapo. Lakini mtu aliyesoma miaka yote ile, na sasa anashinda kwenye maabara ya chuo mjini Kakamega akichunguza kitu ambacho nyumbani hakuna anayeweza kukitamka, akiulizwa ulimi humwasha. Basi Jumapili aliyokwenda kwao Chekalini, Pascalia alipotaka kujua hasa anafanya nini huko, Nasambu akakaa kitako akaeleza.

Mama mwenyewe alikuwa na lupus, ugonjwa unaowafanya askari wa mwili wamgeukie mwenye mwili. Vidole vilikuwa vikimvimba, viungo vikimuuma, na figo zilishaanza kuguswa. Nasambu akamwambia kwamba kila seli ya mwili hujisafisha: hukusanya vipande vyake vilivyochakaa, ikavila, ikavitumia upya. Kuna kimeng'enya kimoja kinachoisimamia kazi hiyo. Chakula kikiwa tele, kimeng'enya hukaza breki na usafi husimama. Njaa ikiingia, breki hulegea na seli huanza kujifagia. Usafi ukikwama, taka hurundikana, askari hudhani adui ameingia, na ndipo uvimbe unapowaka.

Pascalia akauliza kama mtu akikaa njaa seli zitajifagia. Nasambu akasema ndiyo, wameziona zikifanya hivyo kwenye vioo vya maabara. Alifurahi mno siku hiyo. Kwa mara ya kwanza mama yake alikuwa ameielewa kazi yake, akauliza hata maswali ya maana. Kisha ugali ukaletwa, na kuku, na yale yaliyobaki, kwamba kioo si binadamu na kwamba yeye asijaribu, hayakusemwa.

Sasa Pascalia ni mtu wa maombi, na kanisani kwao akina mama hufunga. Kwake ilikuwa kama sayansi na Biblia zimekutana mlangoni na kuamkiana. Akamwambia Wanzala, kijana wake anayeishi naye, kwamba ameingia kwenye mfungo. Wanzala hakuhoji, maana katika boma lile hakuna anayemhoji mtu aliyefunga. Alirudi kwenye mahindi yake, hadi asubuhi aliyomkuta mama ameanguka mlangoni pa jikoni.

Nasambu aliwakuta hospitalini mjini. Daktari Osundwa alikuwa akimuuliza Pascalia ilikuwaje, naye akijibu kwa sauti hafifu kwamba hamu ya chakula ilimpotea tu. Presha ilikuwa imeshuka vibaya na hakuna aliyejua kwa nini. Nasambu akainama, akamuuliza alimeza vidonge lini.

"Vile vinamezwanga baada ya kula," Pascalia akasema. "Nilikuwa sijala. Ningemeza aje?"

Vidonge vile ndivyo vilivyokuwa vikiwazuia wale askari, na mwili uliovizoea kwa miaka hauachishwi ghafla. Mama hakuwa amekaidi hata kidogo. Aliambiwa asivimeze tumbo tupu, akatii. Na binti yake akamwambia njaa husafisha, akatii vilevile. Nasambu akamweleza daktari yote, akiona aibu hata ya kumtazama usoni, na sindano ikachomwa palepale.

Presha ikapanda. Figo hazikurudi. Siku iliyofuata Osundwa alimwita Nasambu kando akamwambia kwamba damu ya mama itabidi isafishwe kwa mashine, na hakudhani kama itafika wakati wa kuacha. Kisha, kwa sababu alishasikia anachosomea, akamuuliza bila kejeli yoyote kama huko maabara kuna kitu kinachoweza kusaidia. Nasambu akasema hakuna bado. Alikijua kimeng'enya kile kuliko alivyowajua binamu zake, na hakikumfaa kitu.

Tena Pascalia alikataa kula. Alisema mfungo ulikatishwa katikati, ndiyo maana haukufanya kazi, na sasa kwa kuwa anachomwa sindano vidonge si kizuizi tena. Nasambu akamsihi. Akamwambia ukweli wote aliokuwa hajausema kule nyumbani: kwamba ni seli za kwenye vioo, kwamba kwa mgonjwa wa figo hakuna ajuaye, kwamba yeye mwenyewe hajui. Pascalia akamsikiliza kwa huruma, kama anavyosikilizwa mtoto aliyeota ndoto mbaya, akasema kwamba ni woga tu unaomsumbua. Bakuli la uji likapoa. Kila Nasambu alivyozidi kueleza, ndivyo mama alivyozidi kufunga mdomo, na Nasambu akawa amechoka hadi kulia.

Ndipo Pascalia akamshika mkono.

"Hiyo dawa unatafuta huko, itakuwa tayari lini? Nikijua, nitakula nikiingoja."

Hakuna dawa aliyokuwa akiitafuta. Alikuwa akitafuta kujua jinsi breki inavyokazwa, na hata hilo lingemaliza ujana wake. Akaukoroga uji ulioganda juu.

"Mwaka huu, mayi," akasema. "Kabla ya Krismasi."

Pascalia akafungua mdomo.